Neno "mechanical" la Kiingereza: kabla hujalitafsiri, uliza limewekwa kinyume cha nini

Tafsiri Sisisi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kivumishi cha Kiingereza ambacho kila mtu anaamini anakijua: "mechanical". Ukimuuliza mtu ghafla atakujibu "ya mashine" au "ya makanika", mkamalizana. Na kweli jibu hilo linatosha kwenye "mechanical engineering", uhandisi wa mitambo. Linatosha pia ndege ikichelewa kuruka kwa sababu ya "mechanical fault". Likivuka hapo linaanza kuchechemea. Daktari akiandika kwamba mgonjwa ana "mechanical back pain", mashine iko wapi? Kitabu cha baiolojia kikisema kutafuna ni "mechanical digestion", mashine iko wapi? Mhakiki akiandika kwamba mwigizaji fulani kacheza kwa namna "mechanical", anamsifu au anamponda? (Anamponda.)

Hoja yangu ni kwamba neno hili hupata maana kutokana na mpinzani wake. Kila fani imelisimamisha mbele ya neno jingine, mara nyingi bila hata kulitaja, na ukishamjua aliyesimama upande wa pili, tafsiri inakuja yenyewe. Usipomjua, utaandika "maumivu ya mgongo ya kimashine" na msomaji atabaki anakodoa macho.

Nianze na asili yake, maana ina kichekesho ndani. Kigiriki cha kale kilikuwa na "mēkhanē". Hicho kilikuwa kifaa, lakini pia hila, ule ujanja wa mtu aliyebanwa akatafuta pa kutokea. Winchi ya kwenye jukwaa la maigizo, iliyokuwa ikimteremsha mungu kutoka juu aje kufungua mafundo yaliyowashinda wanadamu, iliitwa kwa neno hilohilo. Kilatini kikalichukua, na Kiingereza kikalipokea mwishoni mwa Zama za Kati. Sasa angalieni: huko mwanzoni, maana iliyotamba kwenye Kiingereza ilikuwa "ya kazi ya mikono". Mtu ndiye aliyekuwa "mechanical". Shakespeare, kwenye A Midsummer Night's Dream, ana kundi la mafundi wanaojiandaa kuigiza: mfumaji, seremala, mshonaji nguo, mtengeneza mivukuto, mziba masufuria. Puck, jini mtundu wa tamthilia hiyo, anawaita "rude mechanicals". Hata hiyo "rude" msiisome kwa maana ya leo ya kukosa adabu; pale ni watu wasiosoma, watu wa chini. Kwenye Julius Caesar, onyesho la kwanza kabisa, kiongozi mmoja wa Roma anawafokea wafanyakazi barabarani: ninyi "being mechanical", mnatembeaje siku ya kazi bila alama ya ufundi wenu? Hamna gia wala springi katika maneno hayo. Kuna watu wenye viganja vigumu, na dharau ya wale wasiovitumia vyao.

Haya, njooni leo. "Mechanical harvesting" ni kuvuna kwa mashine, yaani si kwa mkono. Neno lililoingia mlangoni likiwa limeshika mkono wa fundi limeishia kumtimua.

Kilichopita katikati ni karne ya 17. Wakina Descartes na Robert Boyle walishikilia kwamba mambo ya asili yanaelezeka kwa vipande vya mata vinavyosogea, kugongana na kusukumana, bila haja ya nguvu za siri zilizojificha ndani ya vitu. Mtazamo huo ndio "mechanical philosophy", na mfano walioupenda ulikuwa saa, kwa sababu ukiifungua, kila kinachozunguka kina kingine kinachokizungusha. Tangu hapo neno likapata makao mapya: mwendo na kani. Ndiyo maana James Joule, miaka ya 1840, alipoacha mizigo ishuke huku ikizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, kisha akapima maji yamepata joto kiasi gani, alichokuwa akikitafuta kikaitwa "mechanical equivalent of heat". Kwa vipimo vya leo ni kama jouli 4.2 kupandisha gramu 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Mpinzani hapo ni joto: huku mzigo unaoshuka, kule kipimajoto kinachopanda.

Kwenye baiolojia na jiolojia mpinzani ni kemia. Meno yanakata chakula vipandevipande bila kukigeuza kuwa kitu kingine. Wanaokigeuza ni vimeng'enya. Mwamba unaopasuka kwa sababu maji yaliyoingia kwenye nyufa zake yameganda na kutanuka, huo ni "mechanical weathering". Mwamba wa chokaa unaoliwa polepole na maji yenye asidi, hiyo ni kazi ya kemia. Kwa hiyo hapo ningetafsiri "kwa kuvunjavunja" au "kwa kani". Ukiandika "kwa mashine" umemtuma mwanafunzi akatafute injini tumboni mwake.

Kwenye ripoti za ajali mpinzani anaweza kuwa umeme, programu au binadamu mwenyewe, na mara nyingi sentensi inayofuata inamtaja. Hapo sina la kuongeza.

Kwenye tabia mpinzani ni akili iliyo macho. "A mechanical answer" ni jibu lililotoka mdomoni bila kupita kichwani. Kiswahili hapa hakina njaa: kikasuku, kwa mazoea, bila kufikiri, kutimiza wajibu tu. Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson alipoandika mwaka 1900 juu ya kicheko, alisema tunacheka pale tunapoona kitu cha kimashine kimebandikwa juu ya kiumbe hai. Mtu anayeendelea kuinua mguu kupanda ngazi wakati ngazi zimekwisha ni mfano mzuri, ingawa huo ni wangu, si wake.

Kuna kipimo kidogo cha sarufi ninachokitumia. Jaribu kuweka "very" mbele yake. "A very mechanical answer" inakubali. "A very mechanical engineer", kama unamaanisha kazi yake, inakataa. Ukiilazimisha unakuwa umemtukana mhandisi wa watu kwamba yuko kama roboti. Likikubali "very", linaeleza sifa. Likikataa, linataja aina.

Matamshi, kwa wanaoanza: "ch" inasomwa K, na mkazo uko kwenye silabi ya pili, mi-KA-ni-kol.

Karibuni. Kila mwenye fani yake alete mpinzani wake.

Saa Mbovu

Mkuu, umenigusa penyewe. Mimi ni mgonjwa wa saa za mkononi.

Saa ya betri yenye mishale ina magurudumu ya meno ndani, fungua mgongo wake utayaona. Ila hakuna anayeiita "mechanical watch". Kinachoangaliwa ni mambo mawili: nguvu inatoka wapi, na nani anahesabu muda. Kwenye "mechanical" nguvu inatoka kwenye springi iliyokazwa, na mhesabuji ni gurudumu dogo linaloyumba huku na huku na kuachia jino mojamoja. Nyingi za sasa hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani 8 kwa sekunde, ndiyo maana mshale wa sekunde unaonekana kama unateleza. Kwenye saa ya kwatzi ("quartz"), ndiyo hiyo ya betri, nguvu ni betri, na mhesabuji ni kipande cha fuwele kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Mzunguko wa elektroniki unagawanya mtetemo huo kwa 2 mara 15 mpaka unabaki mdundo 1 kwa sekunde, na mshale unaruka mara moja. Magurudumu yapo kote kuwili. Yale ya kwatzi ni watumishi tu.

Lakini linalounga mkono hoja yako ni hili. Kabla ya saa za betri kuenea, saa ya mkononi ilikuwa saa, basi. Seiko walileta ya kwatzi sokoni Desemba 1969, na zilipotapakaa ndipo watu wakaanza kuhitaji kivumishi cha kutofautisha zile za zamani. Kitu hakikubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni jirani. Halafu rudi nyuma zaidi: wanahistoria wanapoandika "mechanical clock" kuhusu Ulaya ya karne ya 14, betri haipo kwenye mawazo yao kabisa. Wanaitenga na saa ya maji na saa ya jua. Neno lilelile, kifaa cha ukoo uleule, wapinzani wawili tofauti.

Na tafadhali, "automatic" kwenye saa si mpinzani wa "mechanical". Ni mtoto wake. Springi inajikaza yenyewe kwa kutikisika kwa mkono wa mvaaji.

Mzee wa Kamusi

Nimesoma yote. Mnazunguka mbuyu, vijana.

Neno lina kiini: vitu vinavyogusana na kusukumana. Saa, meno, mwamba, makasia ya Joule, vyote vinaingia humo. Maana ya "bila kufikiri" ni sitiari iliyotoka kwenye kiini hichohicho, kwa sababu kitu kinachosukumwa hakifikiri. Mambo ya "mpinzani" ni mapambo tu. Mwanafunzi apewe kiini, mengine atayajua kwa kusoma.

Tafsiri Sisisi

Mzee wangu, shikamoo. Kiini kipo, sikikatai. Shida yangu ni kwamba kiini hakimsaidii mtu aliyekaa mbele ya sentensi. Chukua kibodi ya kompyuta. Kila kibodi unaibonyeza kwa kidole, kila kitufe kinashuka na kupanda. Kwa kiini chako zote ni "mechanical". Ila anayeuza "mechanical keyboard" anamaanisha kwamba kila kitufe kina swichi yake yenye springi, badala ya vitufe vyote kukalia karatasi moja ya mpira. Na kinachokwenda kwenye kompyuta kote kuwili ni umeme. Kiini hakikuambii hilo. Aliyekuambia ni ule mpira.

Daftari la Zamu

Mimi ni muuguzi. Hili neno limejaa kwenye mafaili yetu, na kwa kweli linawasumbua wagonjwa wanaosoma karatasi zao.

"Mechanical back pain". Mpinzani wake ni maumivu ya uvimbe, yale ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Tunatofautisha kwa maswali ya kawaida tu. Ukiinama au kunyanyua kitu inazidi? Ukilala inatulia? Jibu likiwa ndiyo na ndiyo, tunaelekea "mechanical": tatizo liko kwenye misuli, pingili, viungo au kano, na linafuata jinsi unavyojipinda. Lakini mtu akisema anaamka alfajiri mgongo umekakamaa, kisha akitembeatembea unalainika, na akipumzika ndiyo unazidi, hapo daktari anaanza kufikiria upande wa pili. Kwa mgonjwa mimi husema "maumivu yanayotokana na mgongo unavyobeba na kujipinda". Ni ndefu, lakini anaelewa.

"Mechanical obstruction" ya utumbo: kuna kitu kimeziba njia. Ngiri iliyobana, utumbo uliojisokota, makovu ya upasuaji wa zamani yaliyonata, uvimbe. Mpinzani ni utumbo uliogoma kusukuma bila kuzibwa na chochote. Hapo tafsiri nzuri ni "kuziba kwa kitu", na tofauti yake si ya kitaaluma tu, maana aliyezibwa anaweza kuhitaji kisu na yule mwingine huenda asihitaji.

"Mechanical valve" ya moyo: mpinzani ni ya kibaiolojia, iliyotengenezwa kwa tishu za nguruwe au ng'ombe. Ya kutengenezwa inadumu zaidi, lakini mwenye nayo kwa kawaida anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote.

Na "mechanical ventilation". Hii ndiyo ya mashine kwelikweli, lakini sikilizeni kisa cha Copenhagen, 1952. Polio ililipuka, wagonjwa wengi wakapooza misuli ya kupumulia, na mashine za kupumulishia zilikuwa chache mno. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri watobolewe koromeo, waingizwe mrija, kisha mtu akae pembeni anaminya mfuko wa hewa kwa mkono. Waliominya walikuwa wanafunzi wa udaktari, mamia kwa mamia, kwa zamu, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa. Vifo vilishuka sana. Mapafu yalifanyiwa kile ambacho mashine za leo hufanya, yaani kusukumiwa hewa ndani, lakini kitabuni hiyo inaitwa "manual". Kwa kiini cha Mzee wa Kamusi mkono na mashine vinasukuma sawasawa. Mpinzani ndiye anayevitenga.

Nimalizie na lawama. Kuna "mechanical fall", daktari wa dharura anaandika akimaanisha mgonjwa alijikwaa au aliteleza, hakuzimia. Silipendi. Mtu wa miaka 80 akijikwaa kwenye zulia unaandika "mechanical" na faili linafungwa, wakati hujauliza macho yake yanaonaje, anameza dawa gani, wala kama shinikizo la damu linashuka akisimama. Neno linajifanya limeeleza sababu, kumbe limefunga mjadala.

Kanyagio

Dada Daftari, nondo hizo!

Sisi wa mbio za baiskeli tumelifanya nomino. "He had a mechanical": baiskeli ilimharibikia, mnyororo ulikatika au gia zilikwama. Mpinzani ni kuishiwa pumzi. Mtangazaji akisema hivyo anamtetea mpanda baiskeli: si miguu iliyomwangusha.

Halafu kuna "mechanical doping". Doping tunayoijua ni ya sindano na vidonge. Hii ni mota iliyofichwa ndani ya fremu. Kwenye mashindano ya dunia ya saiklokrosi (mbio za baiskeli za kwenye matope na vikwazo) ya mwaka 2016 huko Ubelgiji, mota ilikutwa kwenye baiskeli iliyoandaliwa kwa mshindani mmoja wa wanawake chini ya miaka 23, akafungiwa miaka 6. Raha yake ni kwamba mota yenyewe ni ya umeme. Kwa mhandisi hiyo si "mechanical" hata kidogo. Sisi tunaiita hivyo kwa sababu mpinzani wetu ni dawa. Shirikisho la baiskeli la dunia lenyewe kwenye kanuni zake linaiita udanganyifu wa kiteknolojia, na hilo ni jina safi zaidi, ila mashabiki hawajali.

Noti Nane

Wanamuziki msitusahau. "Mechanical royalties" mmeshazisikia? Watu wengi wanaodaiwa au wanaodai hizo fedha hawajui kwa nini zinaitwa hivyo.

Mwanzoni mwa karne iliyopita Marekani ilikuwa na piano zinazojipiga zenyewe. Unaweka bunda la karatasi yenye matundu, hewa inapita kwenye matundu, vibonye vinashuka. Watunzi wakalalamika: hizo ni nyimbo zetu! Kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1908, kwenye White-Smith dhidi ya Apollo, majaji wakasema karatasi yenye matundu si nakala ya wimbo, kwa kuwa binadamu hawezi kuitazama akausoma. Bunge likajibu mwaka uliofuata. Sheria ya 1909 ilimpa mtunzi haki juu ya utoaji wa wimbo wake kwa njia za "mechanical", na pia ikasema akishamruhusu mmoja, wengine wote wanaweza kuurekodi mradi walipe senti 2 kwa kila nakala. Kiwango hicho hakikuguswa mpaka 1978.

Kwa hiyo mpinzani hapo ni mambo mawili: noti zilizochapwa kwenye karatasi, na mtu anayepiga muziki mbele ya hadhira. Chochote kinachohifadhi wimbo ili kifaa kiutoe ni "mechanical". Santuri zikaingia, kanda zikaingia, CD zikaingia, na leo hata wimbo unaosikilizwa kwenye simu kwa intaneti unazaa "mechanical royalty" kwa mtunzi. Kwenye simu hakuna kinachozunguka! Ila sheria haikungoja kizunguke. Kwenye mkataba mimi huandika "mirabaha ya kunakili wimbo", na ya pili "mirabaha ya kuupiga hadharani". Ukitafsiri "mirabaha ya mashine" mtunzi atadhani analipwa na kiwanda.

Mwanasosho

Nawaletea mtego mkubwa kuliko yote. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, 1893, kwenye kitabu chake cha mgawanyo wa kazi. Ana "mechanical solidarity" na "organic solidarity". Haya, bila kutazama popote: jamii ya viwanda yenye wahandisi, wanasheria na madereva iko upande gani? Na jamii ndogo ya kale ambayo karibu watu wote wanafanya kazi moja na kuamini mambo mamoja?

Wengi wanajibu viwanda ni "mechanical". Ni kinyume chake. Jamii ndogo ya watu wanaofanana ndiyo "mechanical", kwa sababu wameshikamana kama chembe za kitu kisicho na uhai zinavyoshikamana: zote sawa, zinasogea pamoja. Jamii ya viwanda ni "organic", kwa sababu kila mtu ni kiungo tofauti, kama ini na moyo, na mmoja hawezi kuishi bila mwenzake. Mpinzani hapa ni kiumbe hai. Hakuna mtu aliyekuwa anazungumzia mashine.

Kwa hiyo anayeandika "mshikamano wa kimashine" amemgeuza Durkheim kichwa chini miguu juu. Mimi hufundisha "mshikamano wa kufanana" na "mshikamano wa kutegemeana". Wenye msimamo mkali wanasema nimeacha sitiari yake. Kweli nimeiacha, na wanafunzi wanafaulu.

Binti Fizikia

Niongeze kidogo upande wa fizikia, kwa sababu naona mnaionea "mashine" yenyewe. Kwenye fizikia mashine haihitaji injini. Wenzo ni mashine. Kapi, kabari, mteremko, parafujo, zote ni mashine rahisi. "Mechanical advantage" ni kani unayoipata ukigawanya kwa kani uliyoitoa: ukisukuma ncha ya wenzo kwa niutoni 100 na ncha ya pili ikanyanyua mzigo wa niutoni 400, ni 4. Unalipa kwa umbali, maana mkono wako utashuka mara 4 ya mzigo unavyopanda. Kwa hiyo meno kukata chakula ni kabari, na kabari ni mashine. Mleta uzi, injini tumboni haipo, lakini mashine mdomoni ipo!

Swali: mbona hujagusa ndugu zake, "mechanic", "mechanistic", "mechanized"?

Tafsiri Sisisi

Binti Fizikia, hiyo ya kabari umenibana vizuri, naichukua.

Ndugu zake kwa haraka. "Mechanic" ni mtu, fundi makanika, kwa hiyo "he is a mechanical" haiendi (isipokuwa umerudi enzi za Shakespeare). "Mechanized" ina historia ndani yake: kitu kilikuwa cha mkono au cha mnyama, kikahamishiwa kwenye mashine, kama kilimo au jeshi la magari. "Mechanistic" ni ya nadharia, maelezo yanayotaka kila jambo liwe na chanzo kinachosukuma tokeo. Mwanafalsafa au daktari wa utafiti ataitumia, fundi hataigusa. "Mechanically" kielezi kinakubali pande zote mbili, "mechanically operated" kwa kifaa na "she nodded mechanically" kwa mtu. Hii ya pili ni "aliitikia kwa kichwa tu, mawazo hayapo".

Mzee wa Kamusi

Marahaba, kijana. Nimewasikiliza, na kiini changu bado nakishikilia. Lakini nakuja na kipimo chako cha "very", kwa sababu kimevuja. Wamarekani wanasema "She's very mechanical" na hawamtukani. Wanamaanisha ana mkono wa vifaa, anafungua kitu akakielewa. Kuna hata majaribio ya kazi ya "mechanical aptitude". Sasa "very" imekubali, na hakuna kasuku hapo. Utafanyaje?

Tafsiri Sisisi

Mzee, kipimo kinakuambia tu kwamba ni sifa, hakikuambii ni sifa gani. Ukitaka kujua ni ipi, uliza nani kasimama upande wa pili. Barua ya kumwombea mtu nafasi karakana: mpinzani ni mtu wa nadharia asiyejua kushika spana, basi ni sifa njema, "ana akili ya vifaa". Barua ya kumwombea nafasi kwenye kikundi cha maigizo: mpinzani ni mwigizaji mwenye hisia, basi umemmaliza. Anayeandika barua ya namna hiyo kwa Kiingereza aandike "good with machines" awe salama. Neno lenye sura mbili halifai kwenye karatasi ambayo mwombaji hatakuwepo kuitetea.

Saa Mbovu

La mwisho kutoka kwangu. "Mechanical Turk" je? Ile ya Amazon, ambako watu wanalipwa vijisenti kufanya kazi ndogondogo za kompyuta. Mpinzani ni nani?

Tafsiri Sisisi

Hiyo imeazimwa kutoka mwaka 1770. Wolfgang von Kempelen alimwonyesha malkia Maria Theresa, Vienna, sanamu ya mtu mwenye kilemba, aliyevalishwa kama Mturuki ("Turk"), aliyekaa nyuma ya kabati, akicheza sataranji. Milango ya kabati ilifunguliwa, watu wakaona magurudumu, ikafungwa, na sanamu ikaanza kuwafunga wachezaji. Ilizunguka Ulaya na Marekani kwa miaka mingi, na mwishowe ikateketea kwa moto Philadelphia mwaka 1854. Magurudumu yalikuwa geresha. Ndani alijibanza mchezaji hodari wa sataranji. Amazon walipoanzisha huduma yao mwaka 2005 walichagua jina hilo wakijua: kwa nje inaonekana kompyuta imefanya, kwa ndani kuna binadamu.

Kwa hiyo mpinzani wa "mechanical" hapo ni yule mtu kabatini, na neno lenyewe ni uongo wa makusudi. Mimi nikikutana nalo naliacha na Kiingereza chake, maana ni jina. Ila kama mteja akikomaa litafsiriwe, nitaandika "sanamu ya sataranji", nimdai malipo yangu, na habari za mtu wa ndani nimwachie msomaji azigundue mwenyewe.